Nyumba ya Baba Yetu Kera



Kamati ya maadhimisho imetutaka tueleze safari tuliyoifanya, sisi ndugu watatu, kwenda Kutch katika jimbo la Gujarat nchini India, kukiona kijiji alikozaliwa na kukulia marehemu baba yetu. Tulikubali kwa kuwa safari hiyo ilitukabidhi jambo la kuamua, na jambo lenyewe linawagusa wengi mlioketi hapa.

Baba alizaliwa Kera mwaka 1934. Kera iko kilomita zipatazo 20 kusini mwa mji wa Bhuj. Ni nchi kavu, mvua yake haba, na kwa sababu hiyo watu wa Kutch wameitegemea bahari tangu kale. Kwa karne nyingi majahazi ya bandari ya Mandvi yaliletwa na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakarejeshwa na kusi. Tulipita Mandvi, tukawaona mafundi wangali wakiunda vyombo vya mbao kandokando ya mto Rukmavati, kwa misumari na nyundo, kama walivyofanya babu zao. Baba hakuja kwa jahazi. Alipanda meli Bombay mwaka 1950, kijana wa miaka 16 aliyekuwa akijifunza uashi, akashukia Mombasa.

Anayefika Kera leo huona ajabu moja. Nyumba ni nyingi, kubwa na nzuri, lakini nyingi kati ya hizo zina kufuli mlangoni. Wenyewe wako Kenya, Uganda, Tanzania na Uingereza. Pana pia hekalu la Shiva lenye umri wa takriban miaka elfu moja. Tetemeko la ardhi la mwaka 1819 liliangusha sehemu yake kubwa, na lile la tarehe 26 Januari 2001 likaongeza hasara. Hata hivyo mawe yaliyosalia yamesimama, na watu huenda hapo kusali.

Kabla hatujaondoka Mombasa, jamaa yetu wa huko alikuwa ametuarifu kwamba nyumba ya baba imepata mnunuzi. Sisi ndugu hatukuwa na kauli moja. Kaka yetu mkubwa alitaka iuzwe, kwani watoto wetu wametawanyika Nairobi, London na Toronto, na hakuna atakayekwenda kuishi Kera. Dada yetu hakutaka kusikia habari ya kuuza. Tukaafikiana kwamba kwanza tuione.

Tuliikuta ina watu. Mzee mmoja seremala, mkewe, mwana wao, mkaza mwana wao na wajukuu wawili. Nyumba yao ilianguka mwaka 2001, na baba, alipopata habari kwa simu, aliwaambia waingie kwake. Hapakuwa na mkataba wala kodi. Ukuta wa nyuma uliokuwa umebomoka waliujenga wao. Vigae vya paa walivibadilisha wao. Na kila jioni waliwasha taa mbele ya picha za babu na bibi yetu, watu ambao hawana undugu nao.

Tulipokwisha kunywa chai, mzee alileta funguo juu ya sinia, akaziweka mbele yetu. Akasema, "Nyumba ni yenu. Tunaomba miezi mitatu tu, tutafute pa kwenda."

Usiku ule hatukumjibu. Tulikaa barazani tukikumbushana habari aliyozoea kutusimulia baba. Aliposhuka Mombasa, jamaa aliyekuwa ampokee alikuwa amekwenda bara. Mama mmoja wa Mji wa Kale, Mswahili na Mwislamu, alimwona kijana ameketi juu ya sanduku lake, akamchukua kwake. Baba alikaa chumba cha uani miezi mitano bila kulipa hata senti, hadi alipopata kazi ya kudumu. Na kwa kuwa baba hakula nyama, mama yule alimtengea chungu chake mwenyewe, kisichopata kupikiwa nyama wala samaki. Maisha yake yote baba alimpelekea vitamu siku ya Diwali, nasi tulikula sikukuu ya Idi nyumbani kwake. Wajukuu wake wamo ukumbini humu leo.

Asubuhi kaka yetu mkubwa, yeye aliyetaka kuuza, ndiye aliyezirudisha funguo mikononi mwa mzee. Fedha za mauzo zingalitufaa. Hatutasema hazikuwa na maana. Lakini baba alihifadhiwa ugenini, naye akahifadhi. Zamu yetu ilikuwa imefika. Na kwa kuwa sisi ni wafanyabiashara, tukijua kwamba neno la mdomo hufa na msemaji, tuliandika hati mbele ya wazee wa kijiji: familia ile itakaa muda wote itakaohitaji, na watoto wetu hawatakuwa na haki ya kuiondoa.

Ndugu zetu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyuma ya hekalu hili vipo vyumba ambavyo wazee wetu walivijenga viwe dharamshala, yaani nyumba ya wasafiri. Kwa miaka kadhaa sasa vingi vimefungwa, na tumesikia mapendekezo kwamba vikodishwe viwe ghala za bidhaa. Twafahamu kwamba hekalu lina gharama, na kodi ya ghala ni fedha ya uhakika. Hata hivyo, twaomba kwa heshima vifunguliwe kwa wagonjwa wanaotoka mbali kuja kutibiwa mjini, pamoja na jamaa wanaowauguza, wa dini yoyote na kabila lolote. Tunaouza vifaa vya ujenzi tutatoa rangi, mabati na saruji. Waashi na maseremala tunao miongoni mwenu. Mkutano mkuu wa wanachama utakapokaa kulijadili jambo hili, tafadhali mlipime kwa mizani ya wale waliotupokea.

Mola awabariki nyote, na alilinde hekalu letu pamoja na majirani zake.