Khutba: Watoto wa Kupandikizwa na Khofu ya Saratani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, mtoto ni kipawa cha Mwenyezi Mungu, na kumtafuta si aibu. Nabii Zakariya (A.S.) aliomba mtoto katika uzee wake, wala hakulaumiwa.

Tangu mwaka 1978, alipozaliwa Louise Brown huko Uingereza, madaktari wameweza kuunganisha yai la mke na mbegu ya mume nje ya mwili, kisha kulirejesha katika tumbo la uzazi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliwaruhusu mume na mke jambo hili panapo haja na kwa hadhari zote, mradi asiingie mtu wa tatu kwa mbegu, yai wala tumbo.

Lakini yamezuka maneno kwamba watoto hawa hupata saratani, na kwamba hiyo ni adhabu ya wazazi wao. Na tuyapime kwa ilimu. Uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2013, wa watoto 106,013, ulikuta saratani 108, ilhali zilizotazamiwa zilikuwa karibu 110. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2019 ulikuta ziada ndogo: saratani 252 kwa watoto milioni kila mwaka, badala ya 193. Wala haikuthibiti kama sababu ni matibabu yenyewe au ni yale maradhi yaliyowazuia wazazi kuzaa.

Basi khatari ndogo yenye shaka haiharamishi lililo halali. Wala haifai kufichwa. Mume na mke waulize kabla ya kuazimia, na daktari awaeleze kweli yote, kwani ushauri ni amana. Na mtoto yeyote akivimba tumbo, akipauka, au homa isipomwacha, apelekwe hospitali mapema. Haya isiwazuie wazazi kusema alivyopatikana.

Nawe jirani, usimwambie mama anayeuguza mwanawe kwamba amelipwa. Mtume wetu (S.A.W.) alimzika mwanawe Ibrahim kwa machozi, ni nani atakayethubutu kusema ile ilikuwa adhabu?

Tunasema haya, na tunajiombea sisi na nyinyi maghufira. Ewe Mola, waruzuku wasio na watoto, na waponye watoto wetu. Amin.