Futi au Mita? Tuulize Kabla ya Kununua Shamba

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia



Kuna ubishi katika vikundi vyetu. Wazee husema futi na ekari ndizo tulizozoea. Vijana husema, "Hapana, sisi shuleni tulifundishwa mita na hekta." Wengine husema futi ililetwa na mkoloni, tuiache. Lakini mita nayo si ya kwetu. Ilianzia Ufaransa mwaka wa 1795. Basi tusibishane ni ya nani. Tuulize, ni kipimo kipi kitalinda pesa za kikundi?

Futi ina uzuri wake. Ukisema "ploti ya hamsini kwa mia", kila mtu anaelewa. Shida ni kwamba ploti hiyo huitwa sehemu moja ya nane ya ekari. Haya, tupige hesabu. Hamsini mara mia ni futi 5,000 za mraba. Ekari moja ina futi 43,560 za mraba. Gawanya kwa nane, unapata 5,445. Mmeona? Kila ploti imepungua futi 445 za mraba. Kikundi kikinunua ploti nane kikidhani ni ekari nzima, kitakosa futi 3,560 za mraba. Hapo pangetosha nyumba na zizi la ng'ombe!

Sasa tuangalie hati ya shamba. Hapa Kenya ukubwa huandikwa kwa hekta. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Sehemu kamili ya nane ya ekari ni hekta 0.0506. Ile hamsini kwa mia ni hekta 0.0465 tu. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini pesa mliyolipa si ndogo.

Kwa hivyo, zungumzeni kwa futi mkitaka, lakini lipeni kwa hekta:

1. Muuzaji aandike hekta ngapi katika mapatano.

2. Mpima ardhi mwenye leseni awaonyeshe mawe ya mpaka. Nanyi pimeni kwa mita. Ikiwa ploti ni ya pembe nne sawa, urefu mara upana, gawanya kwa 10,000, hiyo ni hekta. Mita 30 kwa 15 ni hekta 0.045.

3. Linganisheni na hati katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Mweka hazina asione haya kuuliza. Pesa ni za wanachama wote.

Mwenye swali na aulize.