Kujenga Nyumbani: Hotuba ya Kamati Siku ya Harambee



Kabla hatujataja mchango, kuna swali. Katika mkutano wa maandalizi mzee mmoja wa Nessuit alituuliza: "Mnataka tujenge madarasa ya mawe. Je, siku serikali ikisema watu wa msitu hawajengi kwa mawe?" Baadhi walicheka. Sisi wa kamati hatukucheka, kwa kuwa jambo hilo limekwisha kutukuta.

Tume ya Ardhi ya wakati wa ukoloni, iliyoongozwa na Jaji Carter na ripoti yake kutolewa 1934, ilituita Wadorobo ikapendekeza tuhamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa. Yaani Ogiek tusihesabiwe kuwa na kwetu. Na wakati huo kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya Mau, kutoka chini hadi juu kwenye baridi, watu wakifuata asali kadiri maua yanavyochanua. Hapakuwa na ua, lakini nani aligusa mzinga wa mwenzake? Uhuru ulipokuja, msitu ukabaki wa serikali, nasi tukabaki wavamizi.

Wenzetu wa Tinet walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2000 wakashindwa, na sababu mojawapo ikawa kwamba Ogiek wameacha kuishi kwa kuwinda na kurina asali, wameingia katika kilimo, biashara na maisha ya kisasa. Miaka yote tuliambiwa tuko nyuma, tuendelee. Tulipoanza kuendelea, tukaambiwa si wale tena.

Oktoba 2009 ikaja ilani ya siku 30 tuondoke Mau. Kesi hiyo ilifika Mahakama ya Afrika, Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 ilitamka kwamba sisi ni watu wa asili wa Mau, na kwamba kuhifadhi msitu si sababu ya kutufukuza, maana si sisi tuliouharibu. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru tulipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa mateso, na ardhi yetu ipewe hati ya pamoja. Hati hiyo hatujaishika. Novemba 2023 nyumba za wenzetu wa Sasimwani, Narok, zilibomolewa.

Kwa hiyo wapo wanaosema tungoje hati kwanza. Kamati imekataa. Mtoto wa miaka mitano hangoji hati. Mvua ikinyesha anarudi nyumbani, kwa sababu darasa lake la Mariashoni ni mabati matatu na nguzo. Tunajenga madarasa mawili. Mbao tutanunua mjini na kila stakabadhi itawekwa kwenye faili, asije mtu kusema tumekata msitu.

Wale walioahidi mwaka jana hawajalipa wanajijua, na mweka hazina anawajua. Yuko pale kwenye meza ya kijani.

Yule mzee wa Nessuit ameleta asali ya mzinga mzima, ipigwe mnada baada ya chakula. Tafadhali msimwachie mtu mmoja ainunue peke yake.