Hukumu ya Takwimu na Makosa Yake Mawili



Elimu ya takwimu haimpi mtu yakini. Humwonyesha kadiri ya hatari aiingiayo kila anapohukumu kwa ushahidi usiotimia. Makusudio ya mhadhara huu ni kubainisha kwamba hatari hiyo ina sura mbili, na kwamba kuamua ni ipi ya kuvumiliwa zaidi si kazi ya hesabu peke yake.

Mfano mashuhuri ni ule alioueleza Ronald Fisher, mwanatakwimu wa Uingereza, katika kitabu chake *The Design of Experiments* cha mwaka 1935. Bibi mmoja alidai kwamba kwa kuonja tu aweza kutambua iwapo kikombeni yalitangulia maziwa au ilitangulia chai. Fisher hakumsadiki wala hakumkadhibisha, bali alitaka aandaliwe vikombe 8, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, mpangilio wake uamuliwe kwa kura, kisha bibi avitenge. Nadharia tete iliyowekwa ili ijaribiwe ni kwamba hana kipawa chochote, abahatisha tu. Kwa kuwa zipo njia 70 za kuchagua vikombe 4 katika 8, mwenye kubahatisha atapatia vyote mara 1 katika 70. Na bibi akivipatia vyote, twaikataa nadharia ile.

Hapa aghlabu watu hujikwaa, wakadhani ile 1 katika 70 ndiyo yamkini ya kuwa bibi alibahatisha. Sivyo. Hesabu hiyo imekwisha kuchukulia kwamba abahatisha, ndipo ikauliza ni mara ngapi bahati ingemfikisha hapo. Haisemi neno juu ya ukweli wa dai lenyewe.

Turudi kwenye sura mbili za hatari. Mwaka 1933 wanatakwimu Jerzy Neyman na Egon Pearson walikuwa wamekwisha kuliweka wazi suala la sura hizo, wakilifananisha na mahakama, iwezayo kumtia hatiani asiye na kosa au kumwachilia mkosaji. Kuikataa nadharia tete iliyo kweli ni kosa la aina ya kwanza. Kushindwa kuikataa iliyo uongo ni kosa la aina ya pili.

Tazameni sasa jinsi makosa haya yavutanavyo. Tukisema bibi asamehewe akikosea kikombe kimoja katika vinne vyake, njia za kufaulu zapanda kutoka 1 hadi 17, na mwenye kubahatisha atatuhadaa takriban mara 24 katika 100. Tukikataa kumsamehe, mwenye ulimi wa kweli aliyeteleza mara moja tu ataondoka akihesabiwa kuwa hana kitu. Kwa vikombe 8 tu, kila tunapolipunguza kosa moja kwa kubadili sharti, twaliongeza la pili. Lakini vikombe vikiwa 12, sita kwa sita, njia huwa 924, na hata tukisamehe kosa lile lile, zenye kufaulu ni 37 tu, yaani 4 katika 100. Basi kinachoyapunguza makosa yote mawili kwa pamoja ni wingi wa ushahidi, wala si ukali wa hakimu.

Katika vikombe vya chai makosa haya hayamdhuru mtu. Katika majaribio ya dawa, kosa la kwanza huwanywesha wagonjwa kitu kisichofaa, na la pili huwanyima kiwafaacho. Kwa hiyo kile kiwango cha kulivumilia kosa la kwanza mara 5 katika 100, kilichoenea kwa maandishi ya Fisher tangu mwaka 1925, ni desturi tu, wala hakimtoshi kila mtafiti kwa kila swali.

Namwusia mtafiti kijana mambo mawili. Kabla hajakusanya takwimu zake, aandike ni kosa lipi litamdhuru nani, na kwa kadiri gani. Na jaribio lake lisipoikataa nadharia tete, asitangaze kwamba imethibitika. Fisher mwenyewe alishikilia kwamba nadharia ya namna hiyo yaweza kukanushwa, lakini haithibitishwi kamwe. Pengine vikombe vilikuwa vichache.