Mwenye Njia na Mpita Njia



Ndugu wapendwa, viongozi wa walei, sisi wa Tabora tumekaa juu ya njia. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo ilipita hapa Unyanyembe, na ilipofika Ugogo ilidaiwa hongo. Leo neno hilo ni jina la rushwa. Zamani lilikuwa ushuru wa njia, nasi hatuoni dhambi ndani yake, kwani mwenye kisima anastahili malipo. Lakini mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya Ujiji, hata Stanley, akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzungukia kusini. Mirambo naye alikuwa mfanyabiashara wa pembe. (Tusimwonee: Waarabu aliopigana nao walikuwa na biashara ya watumwa.) Basi, mwenye njia akiwa pia mchuuzi, nani atamwamua?

Njia ya leo ni soko la intaneti. Kampuni ya Amazon ina soko ambamo wachuuzi wengine huuza, na yenyewe huuza humo humo. Mwaka 2020 Tume ya Ulaya iliituhumu kutumia habari za siri za wachuuzi hao ili kushindana nao; mwaka 2022 iliahidi kutozitumia tena kwa namna hiyo. Mwaka 2023 Marekani nayo, kupitia tume yake ya biashara pamoja na majimbo 17, iliishtaki kwamba humwadhibu mchuuzi auzaye kwa bei nafuu mahali pengine. Kampuni inakana.

Je, yatuhusu sisi wenye asali na mchele? Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na uamuzi haukuwa wa wachuuzi. Mkulima wa tumbaku wa mkataba hahitaji kufundishwa habari hizi.

Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio ya mwaka 1967, alifundisha kwamba ridhaa ya watu wasiolingana mno haitoshi kuufanya mkataba uwe wa haki. Mchuuzi aliyebonyeza “nakubali” kwa kukosa soko jingine hakukubali kwa hiari kamili. Kwa maoni yetu, dhuluma haimo katika ada, bali katika kuzichukua siri za mchuuzi na kumfungia njia nyingine.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza matumizi mabaya ya nguvu katika soko, na ipo Tume ya Ushindani ya kupokea malalamiko. Kamati za Haki na Amani za parokia ziwasaidie wachuuzi kuandika tarehe, makato na kila ujumbe waliopokea, kabla haujafutwa.