Kabla ya Kununua Pikapu, Fungueni Daftari

(Mazungumzo ya mafundi wa gereji, Pasiansi, na kikundi cha wachuuzi wa samaki na dagaa)



Mmetuita sisi mafundi tuzungumze juu ya pikapu. Tumesikia fedha mmekwisha kuchanga. Wengine wenu wanataka gari linunuliwe mwezi huu huu. Wengine wanasema, tuendelee kukodi. Shauri hilo ni lenu. Kazi yetu ni kuwaeleza pikapu inakula nini, maana fedha hizo ni jasho la watu wengi, na zikipotea hazitarudi upesi.

Tunaelewa kwa nini mnaitamani. Samaki hangojei. Mtu akiwa na mzigo Kayenze au Igombe, na gari la kukodi halijafika, jua likipanda bei inashuka. Tena tangu Juni 2025, daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa, gari linavuka kwenda Sengerema na Geita bila kungoja kivuko. Safari zimekuwa nyepesi. Lakini safari nyingi ni kilomita nyingi, na kilomita ndizo zinazolimaliza gari.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka miaka ya 1970 na 1980. Peugeot au Land Rover ilikaa juu ya mawe miezi mingi kwa kukosa kipuri kimoja tu. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na pikapu zikaanza kuingia kwa wingi. Leo vipuri vimejaa madukani. Shida ya leo ni nyingine: kipuri kipo, fedha ya kukinunua haipo, kwa sababu faida yote ilikwisha kugawanywa.

Basi hapo ndipo tunapotaka daftari. Tuseme mmenunua pikapu kwa shilingi milioni 20. Mtaitumia miaka 5, halafu mtaiuza kwa milioni 8. Milioni 12 zimekwenda wapi? Zimeliwa na uchakavu. Gawanyeni milioni 12 kwa miaka 5. Mnapata milioni 2 na laki 4 kwa mwaka. Gawanyeni tena kwa miezi 12. Ni laki 2 kwa mwezi. Gari likifanya kazi siku 25 kwa mwezi, ni shilingi 8,000 kila siku ya kazi. Fedha hiyo itengwe kabla ya kugawana faida. Dizeli haimo humo. Dereva hayumo. Oili, tairi, breki na bima navyo havimo. Kila kimoja kiandikwe fungu lake.

Mtu atasema, mbona jana gari limeingiza laki moja na hakuna kilichovunjika? Ndugu, limechakaa tu. Tairi limepungua kidogo, klachi imepungua kidogo. Hapa kwetu kuna vilima na mawe, gari linapanda na mzigo, klachi inalia. Deni linakua kimya kimya, na siku ya kulipa linadai lote kwa pamoja.

Ukubwa wa mzigo nao tuuseme. Pikapu nyingi za aina ya Hilux zimeundwa kubeba kama tani 1, nyingine pungufu ya hapo. Watu huongeza springi, kisha wanapakia karibu mara mbili. Springi zinavumilia, lakini chasisi na beringi za magurudumu hazikuongezwa kitu.

Sasa jambo la wachuuzi wa samaki hasa. Maji ya Ziwa letu ni maji baridi, hayana chumvi. Chumvi inaingia garini pamoja na kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi, yule anayepelekwa Kongo. Maji ya chumvi yanachuruzika kwenye bodi, yanashuka mpaka kwenye chasisi na mabomba ya breki. Juu gari linang'aa, chini linaoza. Kwa hiyo kila baada ya safari ya kayabo, oshweni gari kwa maji safi mpaka uvunguni. Zibueni matundu ya kutolea maji kwenye bodi. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na bei yake ni ndoo chache za maji. Tumeona magari yenye injini nzuri kabisa yakiuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hii tu.

Mtatuuliza, tununue ya zamani au ya kisasa? Hilux za dizeli za zamani, zenye injini ya 2L, 3L au 5L, fundi yeyote mwenye spana anazijua. Kitu kimoja msisahau: zina mkanda wa taimingi, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, vali zinagongana na pistoni, na gharama yake haifanani hata kidogo na bei ya mkanda. Ukinunua gari la mtumba na muuzaji hajui mkanda ulibadilishwa lini, badilisheni.

Pikapu za kisasa zina nguvu zaidi na hazinywi dizeli sana. Lakini dizeli inasukumwa kwenye nozeli kwa nguvu kubwa mno, na kompyuta ndiyo inayopima. Gari hilo halitaki dizeli chafu. Maji au mchanga kidogo yanaharibu pampu na nozeli, na nozeli zake ni ghali sana. Dizeli ya kwenye madumu kando ya njia iacheni. Kwenye filta ya dizeli kuna mahali maji yanapokusanyika. Taa yake ikiwaka, simameni myatoe maji. Tena ulizeni kwanza: fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari yuko karibu? Kwa maoni yetu, kikundi kinachoanza, chenye njia mbovu na mtaji mdogo, kinafaa kuanza na gari la zamani lenye chasisi nzima. Si kila fundi atakubaliana nasi.

Siku ya kwenda kuliona gari, nendeni asubuhi injini ikiwa ya baridi. Mkikuta muuzaji amekwisha kuipasha moto, shukuni. Tazameni moshi. Moshi wa bluu usiokoma maana yake injini inaunguza oili, huenda ringi zimekwisha. Moshi mwingi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia ndani. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Moshi mweusi huweza kuwa nozeli mbovu, au filta ya hewa imeziba tu. Kisha laleni chini, mgonge chasisi kwa nyundo ndogo. Penye uzima panalia, palipooza panabonyea.

Na gari likizeeka, tutengeneze au tuuze? Chukueni daftari. Tuseme injini imekufa. Gari likiuzwa hivyo hivyo lina thamani ya milioni 4. Kutengeneza ni milioni 3. Likipona litauzwa milioni 9. Hapo tengenezeni. Lakini chasisi ikiwa imeoza, injini mpya ni bati jipya juu ya nyumba iliyoliwa na mchwa. Uzeni. Tena mkiona miezi sita mfululizo matengenezo yamekula zaidi ya gari lilichobakiza baada ya dizeli na dereva, msingoje mwezi wa saba.

La karatasi ni fupi. Namba za chasisi na injini zilingane na kadi. Jina libadilishwe TRA kabla ya kumaliza malipo. Injini ikibadilishwa, kadi nayo irekebishwe. Bima iwe hai. Mkibeba mizigo ya watu kwa malipo, waulizeni LATRA juu ya leseni.

Daftari lishikwe na mwanakikundi asiyekuwa dereva. Aandike tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika na shilingi. Kila mwezi lisomwe mbele ya wote.

Hapo nje tumeacha Hilux moja, boneti iko wazi na injini ni ya baridi. Twendeni, kila mtu achomoe kijiti cha kupimia oili kwa mkono wake.