Je, Fedha Hii Yafaa Kutiwa Hazinani?



Wapendwa wasikilizaji, Mwinjili Mathayo, katika sura ya 27, anatusimulia jambo ambalo mara nyingi twalipita kwa haraka. Yuda amevirudisha vile vipande thelathini vya fedha na kuvitupa hekaluni. Wakuu wa makuhani wanaviokota, kisha wanaingiwa na shaka: hawaoni kuwa ni halali kuvitia katika hazina, kwa sababu ni bei ya damu. Watu hao hao hawakuona taabu kuitoa fedha hiyo ili Mtu auawe. Sasa wanaona taabu kuipokea. Basi wakainunulia shamba la mfinyanzi, liwe mahali pa kuzikia wageni. Leo napenda swali lile la makuhani tuliulize juu ya fedha ya tumbaku.

Kila mwaka mwezi wa Juni, bajeti inaposomwa Bungeni, wananchi hutega masikio wasikie bia na sigara zimepanda kwa kiasi gani. Wengine hucheka, wengine hulalamika, na habari huishia hapo. Lakini Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, wakiwamo zaidi ya milioni moja ambao hawakuvuta wenyewe bali waliupumua moshi wa wenzao. Kama unga au mafuta ya kula yangeua sehemu ndogo tu ya watu hao, yangeondolewa dukani siku hiyo hiyo. Sigara haiondolewi. Hubandikwa onyo, hutozwa ushuru, na kuuzwa, hata moja moja, kibandani karibu na shule. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni ya kale. Mwaka 1604, Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kijitabu cha kuilaani tumbaku, akisema ni hatari kwa ubongo na kwa mapafu. Mwaka huo huo alipandisha ushuru wa tumbaku kutoka peni 2 kwa ratili hadi shilingi 6 na peni 10. Ushuru huo ulikuwa mkali, lakini biashara haikufa. Baadaye, koloni lake la Virginia lilipokuwa likiishi kwa zao hilo, mfalme yule yule aliiweka biashara hiyo chini ya himaya yake ili apate fungu lake. Aliyeilaani tumbaku kwa kalamu akaipokea kwa mikono miwili.

Sababu ya pili ni wakati. Ushuru huingia mwezi huu. Saratani ya mapafu huja baada ya miaka 20 au 30. Waziri anayezihesabu fedha siye atakayetafuta dawa, na mgonjwa atakapolazwa, hakuna atakayeiandika gharama yake katika ukurasa mmoja na mapato yale. Mwaka 2001 ilitangazwa hesabu iliyofanywa kwa ajili ya kampuni ya Philip Morris katika Jamhuri ya Cheki. Ilionyesha kwamba serikali ya huko ilipata faida kutokana na sigara katika mwaka 1999, kwa kuwa pamoja na kukusanya ushuru, iliokoa fedha za pensheni na matunzo ya wazee waliokufa mapema. Dunia ilishtuka, na kampuni ikaomba radhi. Lakini, ndugu zangu, tusiishie kushangaa. Hesabu ile ilitamka kwa sauti jambo ambalo kila hazina inayoizoea fedha hiyo hujifunza kulinyamazia: kwamba kifo cha raia chaweza kuandikwa upande wa mapato.

Sababu ya tatu yatugusa kwa karibu zaidi, nayo ni mkulima wetu. Kule Urambo, mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulipoanguka mwaka 1951, tumbaku ilishika nafasi. Hadi leo familia nyingi za Tabora, Chunya na Ruvuma hulipa ada za shule na kuezeka nyumba kwa fedha ya jani hilo, na taifa hupata fedha za kigeni. Hata sadaka ya mavuno katika parokia za maeneo hayo hutoka humo humo. Mimi siwezi kumhukumu baba anayelima tumbaku. Yeye huchukua pembejeo kwa mkopo, hukata miti ya miombo ili kukausha tumbaku bani kwa bani, na mwanawe akichuma majani yenye umande, sumu ya nikotini humpenya ngozini hata akatapika. Bei haipangi yeye. Faida kubwa huenda mbali: kampuni ya sigara ya Dar es Salaam, iliyokuwa mali ya umma, leo iko chini ya Japan Tobacco, ambayo kwa sheria ya Ujapani serikali ya nchi hiyo hushika angalau theluthi moja ya hisa zake. Basi serikali zinazofaidika ni zaidi ya moja.

Je, twaseme kwamba kutoza ushuru wa sigara ni dhambi? La hasha. Ushuru ukipandishwa vya kutosha, watu huacha kuvuta, hasa maskini na vijana, na wataalamu wa afya wanauhesabu kuwa miongoni mwa njia zilizo bora. Kosa si kutoza. Kosa ni kuitegemea fedha hiyo. Nawapeni kipimo kimoja, kitumike na mtawala na raia: je, serikali itafurahi mwaka ule mapato ya sigara yatakapopungua kwa sababu watu wameacha kuvuta? Ikiwa itafurahi, ushuru wake ni dawa. Ikiwa itahuzunika, basi imekwisha kuwa mshirika wa muuzaji, na onyo lile juu ya paketi ni kunawa mikono kama Pilato.

Tanzania iliingia mwaka 2007 katika Mkataba wa Kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Mkataba huo hauzitaki serikali zimtupe mkulima. Wazitaka zimsaidie kupata njia nyingine ya kuishi. Alizeti, mahindi na ufugaji wa nyuki vyahitaji mikopo, maghala na wanunuzi wa hakika, kama vile tumbaku ilivyopewa kwa miaka mingi. Hapo ndipo ushuru wa sigara ungepata kazi ya haki.

Nalo Kanisa lisinyoshe kidole kwa wengine tu. Katika mji wa Vatikani sigara ziliuzwa kwa bei nafuu kwa wafanyakazi na wastaafu, na mapato yakawa na faida. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliamua biashara hiyo ikome kuanzia mwaka 2018. Na sababu iliyotolewa ni kwamba faida haiwezi kuwa halali ikiwa inagharimu uhai wa watu. Waliipoteza fedha hiyo, na walijua wanaipoteza.

Wapendwa, amri ya tano haimsemeshi mvutaji peke yake. Yamsemesha anayeuza, anayetoza, na hata sisi tunaopita juu ya barabara iliyojengwa kwa ushuru huo bila kuuliza. Kwa hiyo wiki hii, mwenye duka asimuuzie mtoto sigara, hata akitumwa na baba yake. Anayevuta asivutie ndani ya nyumba walimo watoto. Na mbunge wetu atakapokuja kutuomba kura, tumwulize mkulima wa tumbaku ameandaliwa nini.

Makuhani wale walinunua makaburi kwa bei ya damu. Tumwombe Mungu awape viongozi wetu moyo wa kununua uhai. Awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.